Mama Amefunga

Kanchan, mke wa Jashbhai wa duka la vitambaa pale mjini Nyeri, alipasuliwa tumbo bure kwa sababu ya neno moja la Kiswahili. Wala si neno gumu. Ni neno ambalo mtoto wa chekechea analijua. Nimelikasirikia neno hilo mwaka mzima, na leo nitalieleza, maana mimi ndiye niliyelikamata.

Jina langu ni Phyllis. Nilizaliwa Othaya, kwenye majani chai, na kazi yangu ni kuwalaza wagonjwa wanaopasuliwa na kuwaamsha baadaye. Watu huniita daktari wa usingizi. Wapo wanaosema kazi yangu ni rahisi, kwamba namchoma mtu sindano halafu nakaa kwenye kiti. Hao nawaombea wasije mikononi mwangu siku nina hasira. Kumlaza mtu hata pombe ya chang'aa inaweza. Kumwamsha akiwa na akili zake na miguu yake vile alivyokuja nayo, hiyo ndiyo niliyosomea.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, asubuhi ya ukungu na ile baridi yetu inayofanya hata maji ya bomba yaume mikono. Simu ya thieta ililia. Alikuwa Daktari Kahiga, mpasuaji wetu, mtu mwenye mikono mizuri sana na subira ya mtoto anayengojea mandazi.

"Phyllis, niko na hernia imekwama. Mama wa miaka hamsini na mbili. Utumbo imeingia kwa kovu ya zamani ikanyongeka. Tukichelewa masaa mawili hivi, itaoza. Kuja umlaze."

Nilishuka wodini. Kanchan alikuwa amelala amekunja magoti, uso umepauka, bangili zikigongana kila anapotapika. Kovu refu lilishuka kutoka kitovuni, na katikati yake palikuwa na uvimbe mgumu wa kadiri ya ngumi. Juu ya kitanda walikuwa wametundika kile kibao chetu: ASIPEWE CHAKULA WALA MAJI. Mumewe alisimama kando, ameikunja karatasi ya idhini mara nne, na hakuwa ameitia sahihi.

Jashbhai namjua. Alizaliwa Nyeri, baba yake alizaliwa Nyeri, na Kikuyu chake ni kizuri kuliko cha wapwa zangu walioko Nairobi. Kitambaa cha sare yetu ya kwaya kilitoka dukani kwake.

"Baba Neel," nikamwambia, "weka sahihi twende."

"Daktari, sitaki kukukosea heshima. Lakini siweki. Miaka tatu imepita niliweka sahihi kama hii, hospitali ingine, si hapa. Wakafungua tumbo, wakakosa kitu. Mama akaamka miguu imekufa. Mikono pia. Miezi nne nilikuwa namlisha na kijiko. Sasa kama ni kuenda, wacha aende akiwa anatembea."

"Mtu wa kufa hatembei, Baba Neel!" nilimfokea, na papo hapo nikajuta. Mzee wa watu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Kanchan alinishika mkono. "Daktari, kufa siogopi sana. Kulala kama gunia tena, hiyo ndio naogopa. Kama nitaamka bila miguu, afadhali usiniamshe."

Nimeambiwa mambo mengi na watu wanaokaribia kulala. Wengine huungama dhambi, wengine hunipa namba za simu za wake wasiojulikana nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniomba nisimwamshe. Nilivuta kiti nikaketi, jambo ambalo hakuna mtu analifanya Daktari Kahiga akiwa na haraka, nikaomba faili la ile hospitali nyingine.

Jashbhai alilitoa kwenye mfuko wa duka lake. Lilikuwa limeandikwa kwa kile Kiingereza chetu cha kukimbia. Maumivu makali ya tumbo. Anatapika. Amefunga choo siku mbili. Yashukiwa utumbo umeziba. Kisha ukurasa wa upasuaji, mstari mmoja: utumbo wote mzima. Kwenye orodha ya dawa, ya kwanza kabisa ilikuwa thiopental, ule unga wa manjano tunaouchanganya na maji, dawa ya usingizi ya tangu enzi za babu zetu.

Ule mstari ulinichoma. Utumbo wote mzima, na mama anagaragara! Mtu haumwi hivyo bure, na akiumwa hivyo bure ujue kuna kitu hujakiona.

"Baba Neel, kabla ya ile operesheni, mama alikosa choo siku mbili?"

Akanikodolea macho. "Choo? Nani amesema choo?"

"Imeandikwa hapa. Amefunga choo."

"Ai! Mimi sikusema choo! Sister aliniuliza, mama amekula nini? Nikamwambia, hakuna kitu, hii ni siku ya pili, mama amefunga. Amefunga! Ekadashi! Siku ya kumi na moja ya mwezi, yetu ya dini. Hiyo kubwa yake hata maji hanywi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Kanisani ukisema mtu amefunga, watu wanajua yuko kwenye maombi. Dukani ukisema, wateja wanarudi nyumbani. Hospitalini neno hilo lina maana moja tu, nayo ni ya chooni. Muuguzi alisikia neno la kazi yake, akaliandika kwa Kiingereza, na kutoka hapo hakuna aliyemuuliza Jashbhai tena. Mama aliyeshinda njaa kwa ajili ya Mungu wake akapasuliwa kwa ajili ya choo.

Sasa nikaanza kuuliza kama polisi. Tumbo linauma lini? Kanchan akafikiri. "Nikifunga. Si kila mara, lakini sana sana nikifunga. Siku tatu, nne, halafu inaisha. Nyumbani wanasema ni asidi." Kuna mwingine kwenu alikuwa hivyo? "Mama yangu mzazi. Tumbo hivyo hivyo. Halafu mikono, halafu pumzi. Alikufa nikiwa darasa la sita." Mara ya mwisho umekula lini? "Jumatano. Alhamisi nilifunga. Ijumaa asubuhi kabla nikule, nikabeba jora ya kitambaa, tumbo ikakwama."

Leo Jumamosi. Siku ya tatu bila chakula, na sisi tumemtundikia kibao tukaendeleza mfungo.

Niliinama kuangalia mfuko wa mkojo. Waliutia Ijumaa jioni katika kliniki aliyopitia kabla ya kuletwa kwetu, ukawa unaning'inia hapo usiku kucha. Ndani ya mrija, mkojo uliokuwa unashuka sasa hivi ulikuwa wa manjano, wa kawaida kabisa. Ule uliokaa mfukoni ulikuwa mwekundu wa kuelekea weusi. Kwetu Othaya rangi hiyo tunaiita turungi, chai isiyoonjeshwa maziwa.

Mwalimu wetu chuoni alitufundisha ugonjwa huu kwa nusu saa tu, siku ya mvua, nusu ya darasa wamelala. Porfiria. Mwili una kiwanda kinachotengeneza ule wekundu wa damu. Kuna watu wanaozaliwa na kiwanda chenye kasoro. Wakila vizuri na wakaachwa kwa amani, kinajiendea. Ukiwanyima chakula, au ukiwapa dawa za aina fulani, kiwanda kinafura, takataka zake zinajaa mwilini na kuvuruga neva. Tumbo linauma bila sababu, miguu inakufa, mkojo ukikaa unageuka rangi. Na dawa ya kwanza aliyotukataza, akigonga ubao kwa chaki, ilikuwa thiopental. Alisema huenda tusimwone mgonjwa kama huyo maishani. Mimi nilikuwa macho siku hiyo, na sasa alikuwa mbele yangu, amevaa bangili.

Nilisimama nikaking'oa kile kibao. Hakukuwa na ruhusa ya kumpa chakula mdomoni, utumbo ulikuwa umenyongeka, lakini mshipa ulikuwa wazi. Tulikuwa na maji ya sukari hafifu tu, kwa hiyo nilitoa kiasi kwenye chupa nikajaza sukari ile nzito ya kuwaamshia wagonjwa wa kisukari, nikamfungulia. Kanchan akaniangalia kwa wasiwasi.

"Daktari, na mfungo?"

"Mama Neel, mfungo umeisha. Mimi nimeumaliza. Dhambi ikiwa ipo, iandikwe kwangu, mimi ni Mpresbiteri, nitajua la kufanya."

Alicheka kidogo, akashika tumbo.

Daktari Kahiga aliingia kama upepo. "Phyllis! Utumbo inaoza na wewe unatengeneza juisi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza amekunja mikono. "Hiyo ni ugonjwa ya vitabu. Uko na kipimo?"

"Kipimo ni Nairobi, majibu wiki tatu. Niko na mfuko wa mkojo, niko na faili, niko na mama yake aliyekufa kijana. Wewe uko na nini?"

"Niko na dakika arobaini."

"Basi nipe ishirini. Nikikosea, tumemlaza kwa dawa zingine nzuri, hakuna kitu imeharibika. Ukikosea wewe, mama haamki na miguu."

Aliangalia ule mfuko. Kahiga ana kelele lakini si mjinga. "Kumi na tano," akasema, akatoka.

Nilimwita Theuri wa famasia aje na ufunguo. Katika ile korido baridi nje ya thieta tuliweka mabeseni mawili juu ya meza, jekundu na la buluu, simu yangu katikati imefungua orodha ya dawa salama na za hatari, kazi ya madaktari wanaoumiza vichwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Tulipitia kila chupa kwenye troli yangu. Thiopental, beseni jekundu. Diclofenac, ile tunayompa kila mtu kwa maumivu, jekundu. Sindano ya kuzuia kutapika tuliyoizoea, jekundu. Metronidazole, dawa ya vijidudu ambayo mpasuaji wa tumbo asipoipata hujiona yuko uchi, orodha iliitilia shaka, nami sikuwa na nafasi ya shaka. Jekundu. Theuri akatafuta za familia ya penisilini na gentamicin badala yake.

Nilifikiria kumchoma sindano ya mgongo akabaki macho. Lakini alikuwa anatapika, na tena miguu ikikataa kesho hatungejua ni sindano au ni ugonjwa. Hapana. Alale kabisa, na mpira wa hewa kooni. Kwa hiyo buluu: suxamethonium na atracurium za kulegeza misuli, fentanyl, morphine na paracetamol za maumivu, ondansetron ya kuzuia kutapika. Ilibaki dawa yenyewe ya kumlaza. Propofol, ile nyeupe ya rangi ya maziwa.

"Propofol imeisha Jumanne," Theuri alisema. "Tumeagiza."

"Theuri, usiniambie imeisha. Niambie iko wapi."

Akakuna kichwa. Kisha akashika simu, akampigia rafiki yake wa ile hospitali ya masista upande wa pili wa mji. Dakika tisa baadaye pikipiki ilifunga breki mlangoni, na chupa tatu zikaingia zikiwa zimefungwa kwenye kofia ya mwendeshaji. Nilimkumbatia Theuri mbele ya watu. Ana mke, alishtuka sana.

Nikamwita Jashbhai. Sikumwahidi kitu. Mwenye duka haamini maneno, anaamini bidhaa aliyoishika. Nilimwonyesha beseni la buluu, akainua chupa moja moja, akavaa miwani, akasoma jina na tarehe ya kuharibika, akanitazama. Kisha akaliangalia jekundu. Ile thiopental aliigeuza mkononi muda mrefu.

"Hii ndio ilimpata?"

"Ndiyo hiyo."

Aliirudisha taratibu, akakunjua ile karatasi, akaweka sahihi juu ya meza hiyo hiyo. Mimi nilifunga beseni jekundu kwa plasta pande zote nikaandika juu yake HAPANA, herufi kubwa.

Kanchan alilala kwa ile dawa nyeupe akiwa katikati ya sala. Nilimwekea mpira, nikamfungulia gesi kidogo, sukari ikiendelea kushuka tone kwa tone. Kahiga alifungua kovu. Utumbo ulitoka ukiwa na rangi ya zambarau, mweusi kidogo pembeni. Aliufunika kwa vitambaa vya maji moto, tukangoja. Nimengoja mengi maishani, matokeo ya mtihani, bwana, mvua, lakini sijawahi kungoja kama dakika zile.

"Angalia," Kahiga akasema.

Wekundu ulikuwa unarudi. Ulianzia ukingoni ukapanda polepole, waridi, kisha waridi zaidi, na utumbo ukajikunja wenyewe kama mtu anayejinyoosha asubuhi. "Hatukati!" Kahiga alipiga kelele. "Hatukati kitu!" Nikasema asante Yesu ndani ya barakoa, na nikaongeza asante nyingine kwa Mungu wa Ekadashi, kwa sababu sikujua nani alikuwa zamuni.

Lakini hatari yetu ilikuwa bado. Kahiga akishona ngozi, nilimwona Wendy, muuguzi wetu wa thieta, akiingiza mkono mfukoni mwa aproni yake. Wendy ni mwema. Kwa miaka kumi na moja, kila mgonjwa anapokaribia kumalizwa, humpa dawa ya maumivu ya kuwekwa njia ya nyuma, bila kuulizwa, kama vile wewe unavyozima taa ukitoka chumbani. Alikuwa ameshaifungua karatasi. Nilirusha mkono nikamshika kiganja.

"Wendy, hiyo ni nini?"

"Ni ile tu ya kila siku."

"Ile ya kila siku ni diclofenac!"

Alitoa macho. Beseni nililifunga kwa plasta. Mfuko wa aproni sikuufikiria hata mara moja. Aliitupa ile dawa kwenye pipa, akabaki ameshika kifua. "Haki Phyllis, mkono ilikuwa inaenda yenyewe." Hata mimi nilikuwa nimeshika kifua.

Kanchan alipofumbua macho sikumuuliza jina lake wala tarehe. Nilishika nyayo zake mbili. "Mama Neel, nisukume." Hakuna kitu. "Mama Neel! Nisukume!" Mguu wa kulia ukanipiga teke la tumboni hadi nikagonga troli. Sijawahi kufurahia teke namna hiyo.

Hata hivyo sikujidanganya. Ugonjwa huu unaweza kukungoja siku mbili. Jumapili sikwenda kanisani, nilikaa naye. Mchana mapigo ya moyo yalipanda, akasema tumbo limeanza kuuma, si pale pa mshono bali lote. Niliogopa. Niliongeza sukari, nikampa morphine, nikawa kila saa namwambia anisukume kwa nyayo. Ananisukuma. Jioni mapigo yakashuka. Akaomba chai, nikamtilia sukari vijiko vitano, akainywa akikunja uso.

Jumatatu asubuhi nilikuta kitanda kitupu.

Nilikimbia koridoni kiatu kimoja nimekivaa nusu, Kahiga nyuma yangu. Tukamkuta kwenye stoo ya nguo za wodi, amesimama. Amesimama kwa miguu yake miwili, ameshika nguzo ya dripu kwa mkono mmoja na shuka yetu kwa mwingine, anamwonyesha mama wa usafi.

"Hii ni pamba gani? Ukivuta hivi inapasuka. Nani aliwauzia hii? Daktari, nani aliwauzia?"

Kahiga aliangua kicheko akajishikilia ukutani. Mimi nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia kwa sauti, mwanamke mzima, na sikuona haya. Nyuma yetu Jashbhai alisimama na chupa ya chai, anaangalia miguu ya mke wake.

Majibu ya Nairobi yalikuja baada ya wiki tatu, yakasema nilichosema. Watoto wao, Neel na dada yake, wakapimwa pia. Kanchan sasa anavaa cheni shingoni yenye jina la ugonjwa wake, na kwenye pochi ana orodha mbili, nyekundu na ya buluu, mwandiko wa Theuri. Kwenye wodi zetu, mtu akiandika neno lile, lazima aulize: amefunga nini?

Mwezi uliopita nilikwenda dukani kununua kitambaa cha pazia. Jashbhai alikuwa mlangoni.

"Mama yuko?"

"Yuko, daktari. Lakini leo ni Ekadashi. Mama amefunga."

Damu ilinipanda kichwani. Nilimsukuma kando nikaingia nikipiga kelele, nyinyi watu mnataka nifanye nini, nitundike orodha kwenye mlango wa hekalu? Kisha nikainua macho. Kanchan alikuwa juu ya ngazi, kwenye shelfu ya mwisho karibu na dari, anavuta jora la kitambaa, na shavu lake moja limejaa chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili. Alitafuna taratibu akinitazama kutoka juu. Hakunijibu neno. Alijigusa midomo kwa kidole, akatikisa kichwa, akaendelea kutafuna.

"Mdomo," Jashbhai alieleza nyuma yangu. "Siku hizi amefunga kuongea tu. Maharaj wa hekalu amekubali."